Jacky Husema

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua imeanza leo. Paa letu hapa mtaa wa Jericho, mashariki ya jiji, linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na Baba ameweka karai palepale.

Dkt. Kyule, msimamizi wangu chuoni, amekubali mada ya tasnifu. Nitaandika kuhusu namna wanahistoria wa zama mbalimbali walivyoyaandika mambo ya juzijuzi, mambo ambayo walioyaona bado wanatembea. Ameweka sharti moja: nusu iwe vitabu, nusu iwe tukio la karibu nitakalolichunguza mwenyewe. "Usiniletee Wayunani peke yao, Roseline," alisema. "Niletee na watu wa Eastlands."

Nimechagua lile ghorofa lililoanguka mtaa wa Pipeline miaka mitatu iliyopita, katika mvua kama hizi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huniuliza habari zake, nami huwajibu kwamba hazimo katika silabasi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nilikwenda Pipeline kuonana na Griffins Odera, mwenyekiti wa kamati ya manusura. Ana duka la vifaa vya umeme kando tu ya uwanja mtupu uliobaki pale. Baba ndiye aliyenipa nambari yake. Ni Mjaluo wa Ugenya kama sisi.

Alinikaribisha chai, akafunga duka nusu ili tuzungumze. Alisimulia polepole, bila kujionyesha. Asubuhi ile alikuwa kazini Industrial Area. Alipopigiwa simu alikimbia, akakuta vumbi na watu wanachimba kwa mikono, naye akachimba. Mkewe, Jacklyne, alikuwa chumbani mwao ghorofa ya nne. Alitolewa siku ya pili. Uso haukutazamika, mikono vilevile. Griffins alimtambua mochari kwa gauni lake la kitenge la manjano. Akamzika kwao Ugenya, na tangu hapo hajaoa.

"Kazi yangu sasa ni hawa," alisema, akionyesha kwa kidevu watu waliokuwa wakipita nje. Kweli, kila aliyepita alimsalimu. Walemavu wa siku ile huwapeleka kliniki yeye mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei kamati itazindua jiwe lenye majina ya waliokufa. Ameniomba niandike historia fupi ya msiba ule na kuisoma siku hiyo. Nimekubali.

Nilimwambia Baba kwamba baadhi ya Wayunani wa kale wangempenda Griffins. Wao walishikilia kwamba habari ya kuaminika ni ya wakati wako mwenyewe, uliyoiona au uliyoipata kwa aliyeiona ukambana kwa maswali. Ya zamani waliwaachia washairi.

"Huyo kijana ni dhahabu," Baba akasema.

Jumatano, 12 Machi

Mitihani. Mvua. Stima zimepotea tangu mchana, naandika kwa mshumaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemhoji Jecinta, aliyekuwa jirani ya Jacklyne, mlango kwa mlango. Alipona kwa kuwa alikuwa ameshuka kuteka maji. Siku hizi anapika chapati kwenye kibanda chake, palepale Pipeline, na aliongea nami huku akisukuma unga. Anacheka sana kwa mtu aliyepoteza nyumba na rafiki kwa siku moja. Nilimnasa sauti kwenye simu. Nitaisikiliza nikipata nafasi.

Jumanne, 18 Machi

Nimesoma kuhusu watawa wa Ulaya ya kale walioandika mstari mmoja kwa mwaka. Mwaka huu baridi kali. Mwaka huu askofu amefariki. Mwaka huu hakuna kitu. Nikatazama shajara yangu ya Jumatano iliyopita.

Jumamosi, 22 Machi

Nilihudhuria kikao cha kamati. Walikuwa wakihakikisha majina ya jiwe. Mwanamume mmoja mwembamba, mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, aliomba kusema. Anaitwa Mativo, Mkamba, mchongaji wa vinyago kule Shauri Moyo. Dadake, Mukai, alikuwa akifulia watu nguo katika ghorofa lile. Tangu siku ile hajaonekana.

"Naomba mumwandike," alisema. "Mamangu kule Mwingi bado humwekea chakula."

Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba msichana mwenyewe pengine aliiba vitu vya watu akatoroka. Mativo alisikia. Hakugeuka.

Griffins alimjibu kwa upole. "Ndugu yangu, umekuja kila mwaka na kila mwaka ninakuelewa. Lakini hakuwa mpangaji. Hakuna aliyemwona akiingia. Mwili haukupatikana. Jiwe haliandikwi kwa kukisia."

Alimshika bega, akamtolea kiti, akaagiza aletewe chai. Mimi nikaandika katika karatasi zangu: sawa kabisa. Bila ushahidi hakuna historia. Niliona huruma ya Griffins, na akili yake pia.

Alhamisi, 27 Machi

Sijui niandike vipi.

Leo nimeketi kuyanakili maneno ya Jecinta. Anazungumzia upishi, anamkumbuka jirani yake Jacklyne, ambaye yeye humwita Jacky. Nikafika mahali anaposema, "Mimi unga wangu naukanda kwa maji moto. Jacky husema ya maji baridi ni ya kutafuna kama kiatu."

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Husema. Hakusema "alikuwa akisema" wala "alisema". Hakuna Mswahili wala Mjaluo wala Mkamba anayetumia "husema" kwa marehemu. Marehemu alisema, basi. Nimejiambia ni ulimi tu, watu wa huku Eastlands hatuna adabu na nyakati za vitenzi. Lakini baada ya hapo Jecinta alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akabadilisha habari. Nimesikiliza kile kimya tena na tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zilifungwa jana. Nilikwenda kibandani kwa Jecinta nikamkuta peke yake, mvua imefukuza wateja.

"Dada Jecinta," nikasema, "Jacklyne yuko wapi?"

Aliendelea kugeuza chapati. Ikaungua. Akaiacha iungue.

"Nani mwingine ameisikia hiyo sauti?"

"Mimi tu."

"Basi nenda nyumbani, Mwalimu. Nitakutafuta mimi."

Hakusema kwamba Jacklyne amekufa. Nilitembea hadi stendi na mwavuli nimeukunja mkononi, nikaja kugundua nimelowa chepechepe.

Jumatano, 9 Aprili

Sijatafutwa. Baba anauliza kwa nini sili.

Jumamosi, 12 Aprili

Jecinta alikuja Jericho mwenyewe saa nne asubuhi. "Twende Burma," alisema. Tukatembea hadi soko la nyama.

Soko lilikuwa na moshi mzito wa nyama, kwa kuwa mvua ilikuwa imeukandamiza chini. Tulipita mabucha ya mbele, tukaingia nyuma ya hoteli moja ya nyama choma, jikoni. Mwanamke alikuwa amekaa juu ya kreti la soda akikata nyanya za kachumbari. Aliinua kichwa.

Griffins aliwahi kunitumia picha ya mkewe ili niiweke katika kijitabu. Nimeitazama mara nyingi mno. Ni yeye. Amenenepa kidogo, na jino moja la mbele halipo, lakini ni yeye. Nikakaa juu ya gunia la makaa.

"Usiogope, Mwalimu," akasema. "Mimi si mzimu. Mzimu haukati vitunguu."

Alinieleza yote huku kisu kikitembea. Lile jino lilitolewa na Griffins. Kuna na mengine ambayo hayaonekani. Alikuwa mpole kwa kila mtu, na akifunga mlango anakuwa mwingine. Wazazi wa Jacklyne walishafariki, na shangazi aliyemlea pia. Hakuwa na pa kukimbilia, lakini jioni moja alimwambia Griffins wazi kwamba anaondoka. Asubuhi alingoja hadi alipotoka kwenda kazini, akachukua begi lake akashuka. Alikuwa ndani ya basi, karibu kufika Nakuru, redio iliposema ghorofa limeanguka. Alikaa Eldoret akipikia watu hotelini. Alimpigia Jecinta kwa siri, na Jecinta ndiye aliyemwambia kwamba amezikwa.

"Nilicheka, Mwalimu. Kisha nikalia siku nzima. Nikasema Mungu amenifungulia mlango, nami nimepita. Nilijua kuna maskini mwingine wamemzika kwa makosa, nikadhani ni mtu wa ghorofa ya juu aliyeporomoka pamoja na sakafu yetu. Nikamwombea. Krismasi iliyopita ndipo niliporudi huku, na hutoka jikoni humu giza likiingia tu."

"Gauni la manjano," nikasema. "Griffins alikutambua kwa gauni la kitenge."

"Lile? Sikuwa nalo tena." Alitabasamu, kama mtu anayekumbuka kitu kizuri. "Nilipokuwa nikishuka nilimkuta msichana wetu wa kufua pale bombani, amelowa, anatetemeka. Nikatoa gauni kwenye begi nikamwambia avae hili. Nikampa na ufunguo. Nikamwambia mimi sirudi, panda juu, chukua sufuria, chukua blanketi, chukua chochote unachotaka kabla mwenyewe hajarudi. Alikuwa msichana mzuri sana, yule. Mukai. Siku hizi yuko wapi?"

Nyama ilikuwa ikichomeka nje, mtu akaagiza mbavu. Jecinta aliziba mdomo kwa leso. Nikaona kwamba hata yeye hakuwa amejua. Miaka yote hii alikuwa na nusu moja ya habari, na Jacklyne nusu nyingine, na hawakuwahi kuziweka pamoja.

Ilinibidi niseme mimi. Nilisema kwamba Mukai hakuonekana tena. Kwamba ana kaka anayeitwa Mativo. Kwamba mama yake humwekea chakula.

Jacklyne aliweka kisu chini. Alitazama mikono yake, yenye mbegu za nyanya, kama si yake. "Nilimpandisha mimi," akasema. "Kwa mikono hii nilimpa ufunguo." Hakulia. Alisema hivyohivyo, mara nyingi, kwa sauti ileile, hadi Jecinta akamshika kichwa akamlaza kifuani pake.

Jumatatu, 14 Aprili

Siwezi kuandika.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikwenda kwa Dkt. Kyule nikamweleza bila kutaja majina. Alivua miwani, akaniashiria niendelee.

Nilimwambia kwamba nimesoma wote sasa. Waliosubiri mfalme mkatili afe ndipo waandike aliyoyafanya. Wanazuoni wa Kiislamu waliokataa habari mpaka itajwe ni nani aliisikia kwa nani, na kila mmoja ni mtu wa tabia gani. Wale Wayahudi wa Warsaw waliojua kwamba watauawa, wakakusanya kila karatasi ya maisha yao, wakaifukia ardhini ndani ya makopo ya maziwa, kwa sababu hawakuwa na hakika kwamba atabaki mtu wa kusimulia. Na maprofesa wa Kijerumani wa karne ya kumi na tisa, waliosema tusubiri vumbi litulie, watu wafe, makavazi yafunguliwe, ndipo tutaona ukweli.

"Daktari," nikasema, "ningesubiri miaka hamsini ningekuta nini? Kibali cha mazishi chenye jina lake. Gazeti lenye picha yake. Kaburi lenye msalaba wake. Jiwe la kamati. Karatasi zote zinakubaliana, na zote ni uongo. Hakuna mwanahistoria duniani angeligundua hili. Limegunduliwa kwa sababu mwanamke mmoja mpika chapati yuko hai na alikosea kitenzi."

"Ndiyo," akasema. "Na wale waliosubiri hawakusubiri kwa uvivu peke yake. Waliogopa hili lililoko mbele yako. Ukimwandika yule mwanamke, mumewe atamfikia. Usipomwandika, kuna mama anayepakua chakula cha maiti."

"Basi nifanye nini?"

"Kama mwanahistoria, sijui. Kama mtu, usiandike hata mstari mpaka wenyewe wajue. Yule kaka asije akakisoma kifo cha dadake kwenye tasnifu ya mtu."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilimweleza Baba baada ya chakula. Nilidhani atashtuka kama mimi. Alishtuka, lakini si nilivyotarajia.

"Aoko," akaniita kwa jina langu la nyumbani, "usiandike hayo."

"Baba, alimpiga mke wake hadi jino likatoka."

"Nimesikia. Lakini Griffins ni mtoto wa kwetu. Unataka Wakamba waseme Wajaluo wameiba maiti yao? Na wewe, binti yangu, ndiye umewapa maneno?"

Alikuwa bado ameshika kijiko. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya reli na watu wa kila kabila, ambaye sijawahi kumsikia akisema "sisi" na "wao". Nilimtazama nikaona sijawahi kumjua vizuri. Niliosha vyombo, nikalala mchana.

Jumatano, 23 Aprili

Jacklyne amepiga simu. "Mwalimu, nipeleke kwa yule kaka. Nitamwambia mimi. Yakinipata, yanipate."

Jumamosi, 26 Aprili

Karakana ya wachongaji inanukia mpingo na moshi. Mativo alikuwa akichonga mguu wa twiga, mmoja kati ya twiga wengi wanaofanana. Alipotuona alifuta kigoda kwa mkono, akatukaribisha.

Jacklyne hakukaa. Alisema jina lake. Mativo alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa jina hilo analijua. Amelisikia likisomwa kila mwaka katika orodha iliyomkosa dadake.

Jacklyne alimwambia yote. Bomba, mvua, gauni, ufunguo. Hakujipunguzia kitu. Alipomaliza alipiga magoti kwenye vumbi la mbao, na Mativo akasema haraka, karibu kwa ukali, "Inuka, dada. Inuka. Alikuwa amelowa, ukampa nguo kavu. Inuka."

Wachongaji wengine walikuwa wameacha kazi. Mativo alichukua patasi akaiweka, akaichukua tena. Kisha akaniuliza mimi, si Jacklyne:

"Walimzika vizuri? Kuna aliyeimba?"

Sikujua. Jacklyne hakujua. Kati ya watu wote ninaowafahamu, ni mmoja tu aliyekuwepo.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwendea Griffins. Jacklyne alinikubalia nimwambie kwamba yuko hai, ila si mahali alipo. Jecinta alikuja nami akasimama nje, mlango wazi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa machozi. Nilipomwambia, alikaa tu kwenye kiti chake cha dukani, katikati ya nyaya na balbu, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni.

"Nilijua siku hii itakuja," akasema.

Kwanza sikuelewa. Nilidhani anazungumzia kipigo.

"Jacky ana kovu mguuni," akaendelea. "Maji ya moto, alipokuwa mtoto. Pale mochari nilifunua shuka nikatafuta kovu. Halikuwepo."

Nilishika kaunta.

"Ulijua," nikasema.

"Yule mhudumu aliniuliza, ndiye? Nje kulikuwa na watu wengi, Mwalimu. Wanalia na mimi, wananishika. Sijawahi kushikwa hivyo maishani. Ningetoka niwaambie nini? Kwamba mke wangu hakufa, ameniacha? Nikasema ndiye."

"Na Mukai?"

"Sikujua ni nani. Nilijiambia hana mtu." Alitazama sakafu. "Mwaka uliofuata Mativo akaja na picha yake, yule msichana wetu wa kufua, aliyepotea siku ileile. Hapo nikajua."

Nilikumbuka chai aliyomwagizia. Kiti. Mkono begani. *Jiwe haliandikwi kwa kukisia.* Na nikakumbuka kwamba mimi niliandika: sawa kabisa. Nikatazama nje, barabarani, ambako watu walikuwa bado wanapita na kumsalimu.

"Nimekuwa mtu mzuri tangu siku ile," akasema. "Uliza yeyote. Sijainua mkono juu ya mtu. Hawa watu wamenifanya mtu mwingine."

Ni kweli, nadhani. Ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikamuuliza swali la Mativo.

Alifikiri. Alijaribu kwa dhati, nilimwona akijaribu. "Sikumbuki. Niliinamisha kichwa mpaka wakamaliza. Mama ndiye anayejua. Mama ndiye aliyemzika."

"Yeye anajua?"

"Hapana. Yeye anajua kwamba ni Jacky. Humpandia maua."

Ijumaa, 2 Mei

Shule imefunguliwa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ameniuliza tena habari za lile ghorofa. Nikamwambia sijui bado, ninaulizia. Darasa zima lilinishangaa. Halijazoea kusikia mwalimu akisema hivyo.

Alhamisi, 8 Mei

Jacklyne na Mativo wamekwenda kituo cha polisi pamoja na wakili mwanamke waliyetafutiwa na chama cha wanawake wa kanisa la Jecinta. Mimi na Jecinta tulikaa kwenye benchi. Afisa aliandika jina, akatazama kompyuta, akamtazama Jacklyne.

"Mama, hapa inasema wewe ni marehemu."

"Ndiyo, afande. Ndilo nililokuja kuandikisha."

Afisa alikwenda akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa wake. Griffins ameitwa, ameandika taarifa, ameachiliwa kwa dhamana. Imetolewa amri kwamba asimkaribie Jacklyne. Kufukua kaburi kunahitaji idhini ya mahakama. Wakili anasema itachukua muda. Uzinduzi wa jiwe umeahirishwa. Kamati imegawanyika. Wapo wanaomlaani Griffins, wapo waliosimama mbele ya duka lake kumlinda, miongoni mwao walemavu aliowapeleka kliniki. Mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Mate yale si ya mtu mbaya. Nilimhoji mwezi Machi, akalia mbele yangu.

Jumapili, 11 Mei

Baba hajaniongelesha tangu Pasaka isipokuwa kuhusu karai. Leo baada ya kanisa alisema, bila kunitazama, "Yule mama wa Griffins ninamjua. Si vizuri ahabarishwe na polisi. Nitampigia mzee wa kanisa la kule amtayarishe. Na tutakwenda. Mtu wa kwetu ndiye anayepaswa kumwambia."

Nilimuuliza kilichombadilisha. Alisema amekuwa akimfikiria yule mama wa Mwingi, anapopakua chakula.

Jumamosi, 17 Mei

Tulifika Ugenya asubuhi: Baba, Mativo, Jacklyne na mimi. Mvua ilikuwa imekatika na udongo umeshika viatu vyetu hadi vikawa vizito. Mama yake Griffins alikuwa amekwisha kuambiwa. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba na mzee wa kanisa, mikono magotini, amevaa nguo za kwenda ibadani.

Jacklyne alikwenda mbele peke yake. Mama hakusimama. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza uso huku na huku, akaona pengo la jino, akaligusa kwa kidole gumba. "Mwanangu ndiye?" akauliza. Jacklyne akaitikia kwa kichwa. Mama akafumba macho. Hakuuliza zaidi, nadhani alishajua mwanawe ni mtu wa namna gani nyuma ya mlango, kama akina mama wajuavyo.

Baba alisimama aseme maneno aliyoyapanga njia nzima. Alifungua mdomo, yakamkatalia. Akavua kofia, akamwonyesha Mativo kwa mkono. "Mama, mwenye mtoto huyu hapa."

Kaburi liko kushoto mwa nyumba, lina msalaba wa saruji na maua mekundu yaliyopaliliwa. Mativo alilizunguka polepole. Aliliangalia kama anavyoangalia kazi ya mtu, kona kwa kona. Kisha akamuuliza Mama lile swali lake, kwa Kiswahili cha taratibu, naye akalielewa.

"Nilikaa naye usiku kucha, mimi na akina mama wote wa hapa," alisema. "Hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Tuliimba hadi sauti zikaisha. Mvua ilikuwa kubwa, mchungaji akataka tuharakishe, nikakataa. Nilitandika leso yangu ya arusi ndani ya sanduku, kwa sababu niliambiwa mwili umeumia, nikaogopa mbao zitamkwaruza."

Mativo alikuwa ameziba macho kwa kiganja. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Ni mara ya kwanza kumwona akilia.

Mama alimngoja. Alipotulia, alimshika mkono, wakasimama pamoja mbele ya msalaba wenye jina la mwanamke aliyekuwa hai nyuma yao.

"Nimekuwa nikimsalimu kila asubuhi kwa jina la mtu mwingine," akasema. "Niambie, mwanangu. Mamake alimwita nani?"

Mativo akamwambia.

Mama alijaribu jina kimyakimya kwanza, midomo tu ikisogea. Kisha akapiga magoti kwenye udongo ule wa matope, akainama karibu, akamwita.